Kura Zilizobaki Matangani

Mama,

Sijui barua ya marehemu huanzwa vipi. Ya mtu aliye hai huanza kwa kumuuliza hali, na hali yako naijua, nilisimama pale wakikushusha. Basi nianze na yangu. Si nzuri. Aki Mama, si nzuri hata kidogo.

Niko Gatina, Kawangware, kwenye chumba cha gorofa, na ni Jumamosi mchana. Kesho baada ya kanisa wanawake wa chama chako cha matanga wameniita kule Gatwekera, Kibera, nijibu swali moja tu: nilikula pesa za nani? Eeh, mimi, Achieng' wako. Wewe uliyeniambia mwanamke akinunuliwa mara moja bei yake inajulikana soko zima, sasa mwanao ndiye anaulizwa bei. Kama ningekuwa na mtu mwingine wa kumwambia haya ningemwambia. Sina. Kevo anajua, lakini Kevo ni mwanaume na ndiye aliyeendesha kampeni yangu, kila kitu kwake ni hesabu ya kura.

Wacha nikueleze kuanzia pale ulipotuacha, maana wewe uliondoka ukijua tunashinda.

Ulianguka ukiwa kazini, wanasema. Kazi yako ile ile, ya kuchangisha matanga. Ulikuwa umesimama kwa mlango wa watu na kikapu mkononi, unaambia wapangaji kwamba mtoto wa mtu hawezi kuachwa mochari kana kwamba hana kwao. Presha ikapanda, ukakaa chini, hukuinuka. Mimi nilikuwa Laini Saba kwa saluni, nasuka mtu nywele huku nikimwombea kura yake. Nilikuja nikikimbia na kitana mkononi. Mpaka leo sijui nilikitupa wapi.

Kevo alifika hospitali kabla hata hawajakufunika vizuri. Alinivuta kando akaniambia kura ni wiki mbili zijazo, mama awekwe mochari, tupige kura, tushinde, tumzike kama mama wa mheshimiwa. Alisema, "Hataharibika, Achi." Nilimzaba kofi, Mama. Mbele ya manesi. Maana nilikusikia wewe kichwani, na lile neno lako: "Maiti si mboga ya kuwekwa friji." Umelisema matanga ngapi? Ulikuwa unawakimbiza watu, watoto kwa wazee, pesa zipatikane, gari lipatikane, mtu alale kwao haraka. Halafu wewe mwenyewe nikuweke kwa friji kwa sababu nataka kiti? Nilimwambia Kevo tunazika Jumamosi, na atafute basi.

Sasa nikikumbuka, Kevo hakuwa mbaya. Alisema la maana, ila alilisema kwa mtu asiyeweza kulisikia.

Unakumbuka tulivyoanza hii mambo? Korti ilipomtoa yule MCA wa zamani, mwakilishi wa wadi yetu, na uchaguzi mdogo ukatangazwa, tiketi ya chama ikapewa yule jamaa wa ploti nyingi. Na kwetu unajua, ukishapewa tiketi umepita. Hata mbuzi akivishwa kofia ya chama anakwenda bunge la kaunti kula posho. Watu wote wakanyamaza. Wewe ukaingia saluni, ukaketi kwenye kiti cha wateja, ukaniambia nisimame huru, bila chama. Nilicheka mpaka mteja akanikasirikia. Ukasema, "Wewe una mdomo, mimi nina watu. Tukichanganya tunapata kiti." Na ulikuwa nao kweli. Hakuna nyumba Gatwekera ambayo hujaipelekea maiti wake nyumbani. Kila mama uliyemsindikiza hadi Siaya, hadi Busia, hadi Homa Bay, huyo alikuwa kura. Si kura ya kofia na unga. Kura ya kufa kuzikana.

Na tulikuwa tunakitaka kile kiti kwa jambo moja tu. Zile alama nyekundu. Serikali ilikuwa imeshapaka X kwenye milango itakayobomolewa kwa ajili ya barabara yao, na hakuna aliyekuwa amewaambia watu waende wapi. Sikuahidi kuzuia tingatinga, wewe ulinikataza kuahidi uongo. Niliahidi kwamba nitasimama kwenye kaunti na nitapiga kelele mpaka watu wapewe pa kwenda kwanza. Basi. Hiyo tu.

Basi tulilipata. Basi la shule, la manjano, mwalimu mkuu alilitoa kwa sharti lirudi Jumapili kwa sababu watoto wana masomo Jumatatu. Lilijaa, Mama! Chama chako chote, na vitenge vyenu vya sare, na masufuria, na Min Pasi na ule mguu wake uliovimba. Tulimwambia abaki. Alipanda wa kwanza akachukua kiti cha mbele. Tulikuimbia njia nzima mpaka Kisumu, sauti zikaisha, tukabaki tunaguna tu.

Na nikuambie ukweli, niliwaangalia wale wanawake nikafikiria: hawa ndio ushindi wangu, wote wako kwenye gari moja. Nilifurahi. Sikuona hatari yoyote.

Tukafika dala, bomani kwa Baba, Jumamosi asubuhi. Getini Baba Mdogo amesimama na wazee wawili. Hakuwa amelewa, hakuwa na kisirani, usimfikirie vibaya. Alilia kwanza, alikulilia sawasawa. Halafu akasema mwili hauingii.

Kwa sababu huna nyumba.

Mama, nilijua. Sote tulijua, ila nani anafikiria kitu kama hicho akiwa Nairobi? Ile nyumba yako aliyokujengea Baba ilianguka zamani, na haikujengwa tena kwa sababu ulikataa kurithiwa na shemeji, na mjane aliyekataa kurithiwa hajengewi. Uliwaambia wazee, "Mimi si ng'ombe wa kuhamishwa zizi," ukapanda gari ukaja zako Gatwekera. Nilikuwa nikijivunia hadithi hiyo, nilikuwa nikiwasimulia wateja. Sasa ikafika siku ya kulipiwa. Mke wa boma haingii bomani kama mgeni, akalazwa kwenye nyumba ya mtu mwingine. Lazima alale usiku mmoja kwenye nyumba yake mwenyewe kabla ya kuzikwa. Baba Mdogo alisema, "Hata mimi siwezi kuibadilisha, mtoto wangu. Ijengwe."

Basi ukawekwa nje ya geti, chini ya hema. Wewe, uliyewafikisha watu wote ndani. Nilitaka kupasuka.

Wanaume wakaenda kukata nguzo. Kazi ya siku moja, walisema. Nyumba ndogo tu, ya udongo, mabati machache juu. Kisha mvua ikanyesha. Sijawahi kuona mvua ya chuki kama ile. Ukikandika ukuta huu, ule unateremka. Wanawake wako wakavua viatu wakaingia kwenye tope, wakalikanyaga kwa miguu, wakiimba. Wale wanawake wa boma waliosema watu wa Nairobi hawajui kazi walinyamaza mapema. Kwani nani atamfundisha mtu wa Gatwekera kukandika? Nyumba zao zote ni tope na mabati, kila masika wanazikandika upya.

Jumapili mchana dereva akapiga honi. Anarudi, sharti ni sharti. Na nyumba ilikuwa bado kuta mbili.

Hapa ndipo nataka unisikilize vizuri, Mama, kwa sababu ndipo kila kitu kilipoharibikia. Nilipanda kwenye ngazi ya basi nikawaambia waende. Haki ya Mungu niliwaambia. Nilisema kura ni Alhamisi, mama amewaona, mama ameshukuru, mimi nitabaki na watu wa boma tumalize, pandeni. Walisimama hapo na tope hadi magotini, wananiangalia tu. Hakuna aliyesonga.

Min Pasi akaweka chini mtungi wa maji. Wageni hawamjui, lakini wewe unamjua kuliko mimi. Mwanawe Pasi alipokufa hakuwa hata na shuka ya kumfunika, na wewe ulimbeba yule mtoto, gari likaharibika njiani, mkalala na jeneza kando ya barabara, mkamfikisha. Akaniambia, "Achieng', mama yako hakuniacha njiani na Pasi. Nimwache hapa nje ya geti niende kupiga kura?" Akaubeba mtungi wake akaenda zake mtoni. Wengine wakamfuata.

Basi likaondoka na vijana wa kwaya na masufuria.

Ningeweza kupiga kelele. Ningeweza kuwaambia, wanawake, nyinyi ndio kura zenyewe, bila nyinyi hakuna kitu, mtarudi mkute milango yenu imelala chini. Sikusema. Nilikuwa nimechoka, na unajua nini? Nilifurahi walipokataa. Nilivua viatu nikaingia topeni nao. Kevo alikuwa anapiga simu kutoka Nairobi mpaka betri yangu ikaisha. Huku mjini vijana wa yule jamaa walikuwa wanapita na spika wakisema Achieng' amekimbia.

Ulilala ndani Jumanne. Ukuta ulikuwa bado mbichi, ukiugusa unaacha vidole, lakini ulikuwa ukuta. Tulikaa kuzunguka jeneza, na nyumba ikanukia udongo mpya, na Min Pasi akakuambia, "Sasa uko kwako." Tangu ile ya Baba ianguke, hiyo ndiyo nyumba pekee uliyokuwa nayo ambayo landilodi hakuja kugonga mlango. Tukakuzika Jumatano.

Alhamisi asubuhi tulipata lori lililokuwa linaleta mahindi Nairobi. Tulipanda juu ya magunia, wote, mimi mgombea nimeketi juu ya mahindi na kitenge cha matanga. Tulikuwa tunamwomba dereva akanyage mafuta. Alikanyaga, maskini, lakini lori la mahindi ni lori la mahindi. Tulifika Kibera jua limeshashuka. Walishuka wakakimbia, Mama, wanawake wazima wanakimbia na vitambulisho mkononi, sketi zimekauka tope. Geti la shule lilikuwa limefungwa. Askari akasema saa imepita. Min Pasi alishika zile nondo akamwambia yule kijana, "Mwanangu, tulikuwa tunazika." Kijana akasema pole, mama. Akaangalia chini.

Hata mimi sikujipigia kura.

Yule jamaa alinishinda. Na alinishinda kihalali, hapo ndipo shida ilipo. Mawakala wangu walikaa kila kituo, walihesabu, wakatia sahihi, hakuna aliyeingiza kitu wala kutoa kitu. Pengo lenyewe, Mama, halikujaza lile basi la shule. Wanawake wa lile basi wangepiga kura, hata ukiwaondoa wale wa viti vya nyuma, bado ningeshinda. Niliichukua ile karatasi ya matokeo nikaihesabu upya, mara tatu.

Siku ya tatu Min Pasi akaja saluni. Hakutaka kusukwa. Aliketi kwenye kiti kile kile chako, akauliza polepole, kwa Kijaluo, kama wangepanda lile basi ningepita.

Ungemjibu nini wewe? Mama mzee wa mguu mbovu, amekuja kuniuliza kama kukuzika kumemnyima nyumba yake. Nilimwambia hapana. Nilimwambia, "Tuliibiwa, Min Pasi. Hata mngekuja wote, wangeongeza zao." Nilisema bila kufikiria, kama vile watu wote husema hapa baada ya kila kura, na likaingia vizuri kabisa. Alishusha pumzi. Nilimwona mabega yakishuka. Akaniambia Mungu anawaona, akaenda zake.

Neno likazunguka Gatwekera kabla sijafunga saluni. Tuliibiwa! Na watu walioibiwa wanataka nini? Wanataka korti. Wakaanza kuja. Wametafuta wakili, wako tayari kuchanga, chama chako chote, wanauliza mimi naweka sahihi lini. Nikasema nitafikiria. Wakarudi. Nikasema kesho. Ningekwenda kortini kusema nini? Jaji angesoma hesabu kwa sauti, redio ingesoma hesabu, na mtu mmoja angekumbuka viti vya basi. Nikakataa. Siku za kupeleka kesi zikapita.

Kisha tingatinga likaja. Sitakueleza lile. Utanisamehe. Chumba chako kilikuwa cha kwanza kwenye ule mstari, na watu walikuwa bado wanatoa magodoro. Mheshimiwa wetu mpya alisema maendeleo yana gharama yake. Min Pasi sasa analala kwenye kanisa la bati, juu ya benchi mbili zilizounganishwa, na wengine wametawanyika, huyu Kangemi, huyu Kawangware, huyu amerudi kwao ocha bila kumuaga mtu. Saluni yangu nayo ilikuwa ndani ya barabara. Mwanamke niliyekuwa nikimsuka akaniombea chumba huku Gatina kwa landiledi wake, mama mzee wa Kikuyu ambaye watu wote wanamwita Cucu, nyanya. Aliniangalia akasema, "Ngai, si ni wewe yule wa kura?" Akanipa chumba ghorofa ya tatu kwa sababu hicho ndicho kilichokuwa wazi.

Na hapo maneno yakakamilika. Achieng' alikataa korti. Nyumba zikabomolewa, Achieng' yuko gorofa, ana sakafu ya vigae na choo ndani. Lisemwalo lipo, wanasema. Kwenye soko la Laini Saba mwanamke mmoja aliyekanyaga tope la nyumba yako alinitemea mate karibu na kiatu. Sikumlaumu. Nilirudi Gatina kwa miguu nikilia, na wewe unajua mimi si mtu wa kulia barabarani.

Sasa kesho. Chama kimeamua. Nisipokuwa na jibu la maana nafutwa. Unajua maana yake, ndicho chama chako. Nikifa hakuna atakayetoa shilingi, hakuna atakayetafuta gari. Nitazikwa Lang'ata na manispaa, kati ya watu nisiowajua. Hata pale nje ya ua wa boma wanapozikwa mabinti ambao hawakuolewa, sitafika. Kitu ambacho ulikuwa unakiogopa kwa kila mtu wa Gatwekera, ndicho kimemkalia mwanao.

Kevo ananiambia nijisafishe. Anasema ukweli haujawahi kumuua mtu: wasimamishe wote, wape ile karatasi, waambie mlikosa wenyewe, mlibaki kujenga. Dakika mbili tu nakuwa mtu safi. Nimelifikiria, Mama. Nisikudanganye. Jana niliketi kwenye ngazi nikayapanga maneno yote. Nilikasirika. Nilikukasirikia wewe pia: kwa nini hukukubali hata kajumba kadogo? Kwa nini uwe na watu wengi namna ile? Na niliwaza kitu kibaya zaidi, kwamba ningemsikiliza Kevo siku ile hospitalini, ukakaa kwenye friji wiki mbili tu, leo watu wangekuwa ndani ya nyumba zao. Ungekasirika, lakini ungekuwa umekasirika peke yako. Wueh. Ona mtu anachomwambia mama yake.

Na kunyamaza pia hakusaidii. Kuna mwalimu mdogo, mpwa wa mmoja wao, ameanza kusema ataitafuta ile hesabu ya kura mtandaoni wapige hesabu wenyewe, waone tuliibiwa wapi. Nikikana, wataitafuta. Wakiitafuta, wataiona. Na Min Pasi, juu ya zile benchi zake, atahesabu: mimi, na fulani, na fulani, tulikuwa kwenye tope. Atajua kwamba ule mtungi wa maji alioubeba ndio uliobomoa mlango wake na wa majirani wote. Ana nini kingine yule mama? Pasi hayupo, nyumba hana, amebaki na jambo moja tu la kujivunia duniani, kwamba hakukuacha njiani. Siwezi kumnyang'anya hilo. Nimejaribu, siwezi.

Kwa hivyo nakuaga, Mama. Nitautafutia ule mguu wa Min Pasi chumba chochote cha chini huku Gatina, na nitatumia mdomo wa mtu mwingine ili asijue ni mimi. Hiyo ni ahadi ya kwanza. Ya pili ni ya kesho. Hawatahitaji kutafuta hesabu yoyote. Min Pasi akisimama aniulize mbele ya wote kama nilihongwa, nitamwangalia machoni nimwambie ndiyo.

Mwanao,
Achieng'